Wifi Yangu na Bonde la Pili

Wifi yangu ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza akanyooshe mkono. Nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na minne, na tisa ya mwisho tumekuwa sisi wawili na mabinti zangu, tangu kaka yake, mume wangu, alipofariki. Watu huniuliza tunawezaje, mawifi wawili chini ya dari moja. Huwaambia tunagombana kila siku ila hatulali na ugomvi, maana yeye hulala mapema na mimi nabaki sina wa kugombana naye.

Mimi ni katibu muhtasi wa idara ya fizikia katika chuo. Yeye ni fundi wa idara hiyohiyo, chumba cha chini, mlango wa mwisho. Wenzake wanamwita Msasa, kwa sababu kazi yake ni kusaga na kung'arisha mawe, na kwa sababu nyingine ambayo mtu akizungumza naye dakika tano anaijua mwenyewe.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, anasaga vioo katika duka la miwani. Akaolewa. Ndoa ikadumu mwaka mmoja na nusu, akarudi kwao na sanduku lake na neno moja tu: "Imetosha." Mpaka leo hakuna aliyepata neno la pili. Duka la miwani lilipofungwa, chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kusaga fuwele. Kwenye usaili walimpa kipande cha kioo na saa mbili. Alimaliza kwa saa moja, na ile iliyobaki akawasafishia mashine huku akiwaambia kwamba wanaitunza vibaya. Wakamchukua hivyohivyo.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoelezwa mimi, mezani kwetu jikoni. Kuna mawe yanayotengenezwa kwa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, ikichanganywa na madini mengine na kupikwa. Ndani ya jiwe hilo kila chembe ya chuma ni sumaku ndogo, na sumaku hizo zimeshikana kwa ukaidi: huyu akielekea juu, jirani yake anaelekea chini, kama mimi na wifi. Ukizigusa kwa wimbi linalofaa, zote zinatikisika pamoja, na kasi ya mtikisiko wao inakuambia zimeshikana kwa nguvu kiasi gani. Hilo ndilo Dokta, mkuu wa maabara, analolitafuta. Wimbi lenyewe linaitwa la terahezi. Jicho halilioni, liko kati ya mawimbi ya redio na yale ya joto. Dokta hulipitisha kwenye jiwe, akaangalia limetoka ng'ambo likiwa limepungukiwa na nini, na kompyuta inamchorea mstari. Pale ambapo sumaku zimelimeza wimbi, mstari unazama. Wao huita bonde.

Jiwe hilo halichimbwi mahali, linakuzwa. Tanuru la wifi lina taa kali na vioo viwili vilivyopinda, vinavyokusanya mwanga wote mahali pamoja. Kijiti cha unga ulioshindiliwa kinayeyuka hapo, tone linaning'inia kati ya kijiti cha juu na cha chini, na fuwele inaota chini ya tone, milimita chache kwa saa. Tone likidondoka, kazi yote imekwenda arijojo. Vijiti kumi na kimoja vilimdondokea, miezi saba. Kila kimoja kilipodondoka alikuja nyumbani akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi kabatini, na kesho yake akaanza upya. Cha kumi na mbili kilishika. Akakikata, akakisaga kikawa kipande chembamba cha ukubwa wa kifungo cha shati, akamkabidhi Dokta.

Haikupita wiki, Dokta akaingia ofisini kwangu mbio, kamba za viatu hazijafungwa, ingawa hilo ni la kila siku. Mabonde mawili! La kwanza linajulikana, vitabu vinalitaja. La pili, pembeni yake kabisa, hakuna aliyewahi kulitaja. Alisema maana yake ni kwamba sumaku zile zimeshikana kwa namna ambayo bado haijapimwa na mtu. Akaniketisha, nikaandika barua kwa mfuko unaofadhili maabara, waje waone kwa macho yao.

Wageni hao walikuwa na sababu nyingine ya kuja, na hiyo niliijua vizuri kwa kuwa barua zote hupitia kwangu. Tanuru lilikuwa linakula umeme mwingi na halijatoa jambo jipya kwa muda mrefu. Barua yao ilisema waziwazi: pasipokuwa na tokeo jipya, tanuru lizimwe, na nafasi ya fundi ifutwe pamoja nalo. Kwa hiyo bonde la pili lilikuwa limelishikilia tanuru, na tanuru lilikuwa limemshikilia wifi, na wifi na mimi ndio tulioishikilia nyumba, binti yangu mkubwa akiwa mwaka wa mwisho wa shule. Nililipenda bonde hilo kuliko hata Dokta.

Jioni moja tunakula, wifi akaniuliza, "Hivi yule mama wa usafi hupiga deki maabara siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Kwani kakuharibia nini?"

Alihesabu kitu kwa vidole. Kisha akaweka kijiko chini. Hesabu yake ya vidole naijua, na chakula changu kikanishinda hapohapo.

Kesho yake alinishika mkono, akanipeleka kwenye ubao ambapo Dokta hubandika michoro yake. Pembeni ya kila mchoro alikuwa ameandika siku, kwa penseli.

"Unaona nini?"

"Naona mistari, wifi. Nina barua sita hazijachapwa."

"Angalia bonde la pili. Jumatatu refu. Jumanne halionekani. Jumatano halipo kabisa, Dokta akasema mashine ina homa. Alhamisi refu." Akanigeukia. "Ni maji. Mvuke wa maji hewani unalimeza wimbi hili hili. Kila mtu humu anajua, ndiyo maana jiwe linawekwa kwenye boksi lililofungwa na kupulizwa hewa kavu."

"Sasa kama kila mtu anajua, wewe umekuwa nani?"

"Wanaangalia kipimo cha unyevu. Kipimo kinasoma sifuri. Jana nimekipulizia pumzi yangu mara tano, bado sifuri. Kimekufa. Na mpira wa kifuniko umepasuka kwa chini, kidole changu kinapita."

Nikamuuliza mbona Dokta, na usomi wake wote, hajagundua. Hapo ndipo nilipoelewa kosa lenyewe. Dokta hupima mara mbili: saa moja asubuhi boksi likiwa tupu, na saa nne likiwa na jiwe. Kisha huligawa pimo moja kwa jingine, ili kila kilichomo katika yote mawili kijifute. "Hewa inajifuta yenyewe," hupenda kusema. Ni kweli inajifuta, iwapo ni hewa ileile. Lakini mama wa usafi hufika saa mbili na ndoo yake. Saa moja sakafu ilikuwa kavu, saa nne imelowa, na ile tofauti ya deki ndiyo iliyokuwa inachorwa kama bonde.

Sasa nikiri. Nilifunga mlango nikamwambia anyamaze.

"Wifi, nakuomba. Unataka kutia mchanga kitumbua chetu wenyewe? Waache waje, waone, waondoke. Makosa ni yao. Wewe kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi."

"Aliyeulizwa ni jiwe," akasema, "na wao wanalijibia."

Sikuona aibu wakati ule. Niliona hasira, tena nyingi. Nilimwambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kugonga kwa Dokta.

Ukuta kati ya ofisi yangu na ya Dokta ni wa mbao nyembamba, na masikio yangu sikuyaziba. Dokta alimsikiliza, hilo nampa. Kisha akasema, kwa upole wote, "Mama, nakuheshimu sana. Lakini kipimo kinasoma sifuri. Wewe tukuzie mawe, fizikia tuachie sisi." Wifi akatoka, uso hauna kitu.

"Amesemaje?" nikamuuliza, kana kwamba sikusikia.

"Amesema nikuze mawe."

Siku tatu zilizofuata hakukuza jiwe lolote. Alikaa kwenye mashine yake ya kuchonga, akatengeneza pete ya shaba ya kushikilia kipande kile ndani ya boksi, yenye alama mbili, ili kiweze kugeuzwa robo mzunguko barabara, bila kuzidi wala kupungua. Nyumbani akanieleza, ingawa nilikuwa nimemnunia na sikumwuliza. Wimbi lina upande, alisema, linatikisika kwa mwelekeo mmoja. Jiwe nalo lina upande. Sumaku zinaitika wimbi likizijia kwa upande wao. Ukiligeuza jiwe robo mzunguko, zilizokuwa zinaitika zinanyamaza.

"Lakini maji hewani hayana upande," akasema. "Ukigeuza jiwe, maji yatajuaje? Bonde likifa, ni la jiwe. Likibaki palepale, ni la maji. Dakika kumi, wifi! Dakika kumi tu wananinyima."

Alimwomba Dokta dakika hizo mara tatu, na mara tatu Dokta akamwambia baadaye, wageni wakishaondoka.

Usiku wa kuamkia ugeni nilimfuata chumbani kwake kabla hajalala. Nikamwambia pole pole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Likiwa la maji, tanuru linazimwa."

"Ndiyo."

"Na wewe unaondoka."

"Ndiyo, wifi. Hesabu hiyo naijua." Alikaa kitandani, akaikunja upya kanga iliyokwisha kukunjwa. "Unadhani siogopi? Naogopa sana. Lakini jiwe lile nimelikuza mimi. Likitoka nje na uongo mgongoni, wengine watakuza la kwao, watatafuta bonde la pili, hawatalipata. Watasema nini? Watasema jiwe la yule fundi lilikuwa bovu. Nitakuwa nimefukuzwa bado, ila kwa kuchelewa, na jiwe langu limetukanwa." Akavuta shuka. "Zima taa unapotoka."

Ugeni ulikuwa Alhamisi. Nami, kwa akili zangu nyingi, nilitaka pang'ae. Nilimwambia mama wa usafi apige deki maabara mara mbili, na ukumbi pia, asiache hata kona. Nilikuwa tayari nawapandisha wageni ngazi nilipokumbuka nilichofanya: bonde la pili nimelinywesha maji mwenyewe.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, mwanafizikia mwenyewe, asiye na maneno mengi. Nilifungua mlango wa maabara nikakuta hivi: Dokta amenyoosha kiganja, na wifi amesimama mbele ya boksi, ngumi ameifumba.

"Mama, lete jiwe."

"Nitakupa ukisema utaligeuza."

"Nimesema baadaye."

"Umesema baadaye mara tatu, Dokta. Leo ndiyo baadaye."

"Mama, wageni hao!"

"Nawaona. Karibuni sana," akawaambia wageni, na ngumi haikufunguka.

Nilitamani sakafu ile yenye maji yangu inimeze. Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule. "Kuna tatizo?"

Nasema ukweli: nilimwomba Mungu Dokta adanganye. Ilikuwa rahisi tu, angesema fundi hajisikii vizuri, na mimi ningemshika mkono nikamtoa. Dokta aliiangalia ile ngumi. Akaangalia michoro yake ukutani. Akajifuta jasho.

"Fundi wangu anasema bonde la pili ni mvuke wa maji," akasema. "Mimi nasema siyo. Hatujapima."

"Kwa nini hamjapima?"

Dokta akaangalia kamba za viatu vyake. Mwenyekiti akavuta kiti. "Basi pimeni. Tupo."

Wifi akafungua ngumi, akaliweka jiwe kwenye pete yake ya shaba, akafunga boksi. Pimo la boksi tupu Dokta alikuwa amelichukua saa moja, kama kawaida yake. Walipima kwanza jiwe likiwa wima. Mstari ukachorwa, mabonde mawili, na la pili lilikuwa refu kuliko siku zote, shukrani kwa deki yangu. Dokta akatabasamu kidogo. Kisha wifi akafungua, akaigeuza pete mpaka alama ya pili, akafunga.

Dakika kumi zile sijui zilipitaje. Mstari ulianza kushoto. Huko chini pakatokea bonde jipya kabisa, na mmoja wa wageni akatikisa kichwa kukubali: hilo nalo ni la vitabuni, ukiligeuza jiwe sumaku zinatikisika kwa namna yao nyingine. Mstari ukaendelea. Ukafika pale lilipokuwa bonde la kwanza, na bonde halikuwepo. Palikuwa tambarare kama shuka iliyopigwa pasi. Ukasogea kidogo, ukazama. Bonde la pili lilikuwa palepale, refu vilevile, halikujali.

 Dokta alikaa chini. "Ni maji," akasema. Halafu akasimama tena, akawageukia wageni. "Ni maji. Nilikosea mimi. Makala nilishaituma jaridani. Nitaiondoa leo hii." Alilisema lote. Tangu siku hiyo namheshimu mtu yule, viatu vyake na yote.

Mimi nilikuwa namwangalia wifi. Hakufurahi. Alikuwa ameuma midomo, anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Alikuwa ameshinda, na alikuwa anajua ameshinda nini.

Mwenyekiti alivaa miwani yake, akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. Hakuwa anaangalia bonde la pili. Aliweka kidole pale lilipokufa la kwanza. "Kuza hapa," akamwambia Dokta. Dokta akakuza. "Zaidi." Akakuza tena, na tena. Tambarare.

"Kwetu, likigeuzwa, hubaki kovu," mwenyekiti akasema, taratibu, kama anayejisemea. "Bonde la kwanza halifi lote. Kwetu, na kwenye maabara nyingine mbili. Tunabishana mwaka wa tatu huu. Wengine wanasema kovu lile ni tabia ya sumaku zenyewe, wengine wanasema jiwe limekatwa likiwa limeenda upande, hata digrii moja." Akageuka. "Hili nani amelikata?"

Dokta akanyoosha mkono kumwonyesha.

"Kwa mashine gani?"

"Msumeno wa waya, kisha mkono," wifi akasema. Akafikiri kidogo, akaona mazungumzo hayajaisha. "Basi kovu lenu ni la mkataji."

Wageni wawili walicheka kwa mshtuko. Mwenyekiti hakucheka. Alitoa kalamu, akaandika.

Tukirudi nyumbani jioni ile nilimwomba radhi. Nilimwambia nilimtaka anyamaze kwa sababu ya tumbo langu, si kwa sababu yake. Akaniambia tumbo lako ndilo tumbo langu, tena tunachelewa kununua mkate. Hatukulizungumza tena. Wiki tano nzima tuliishi hivyo, yeye anakwenda kazini kila siku kama mtu mwenye kazi, mimi nafungua kila bahasha kabla ya kuketi.

Barua ya mfuko ilipofika, niliisoma nimesimama, kisha nikateremka ngazi bila kufunga ofisi. Wifi alikuwa mbele ya tanuru, miwani myeusi machoni, mikono yote miwili kwenye vifundo vya kuongozea. Alikuwa ameanzisha kijiti kipya asubuhi ile, bila kumwuliza mtu.

"Barua," nikasema.

"Soma. Siwezi kugeuka."

Nikasoma. Bonde la pili limefutwa katika kumbukumbu za mfuko. Maabara haitahesabiwa kuwa na tokeo jipya mwaka huu. Tanuru lisizimwe. Fundi abaki, na katika miaka miwili ijayo azikatie mawe maabara tatu ambazo majina yao yameambatanishwa, ili suala la kovu lipate jibu.

"Rudia pale pa tanuru."

"Tanuru lisizimwe."

"Rudia tena."

"Tanuru lisizimwe, wifi. Fundi abaki."

 Nikaona machozi yanateremka chini ya miwani ile nyeusi, yanafika kidevuni, yanadondoka kwenye aproni. Hata siku ya kumzika kaka yake sikumwona hivyo. Mikono yake haikuondoka kwenye vifundo.

"Wifi, njoo unifute," akasema. "Silioni tone."

Nikamvua miwani kwa mkono mmoja, nikamfuta kwa mkono mwingine kwa upindo wa gauni langu, nikamrudishia. Tone lilikuwa bado limening'inia.